Jina Nililomchora Kavita Mkononi

Jamani, kosa ni langu. Simsingizii shetani! Ni huu ujinga wangu wa kutaka watu wacheke.

Nachora hina hapa Kilosa. Shule niliishia la saba, ila mkono wangu unajulikana mpaka Mikumi. Aliyenifundisha ni mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Bintiye, nimwite Kavita, nimekua naye tukigombania ubuyu barazani kwao.

Alipoolewa, nani mwingine angemchora? Wenzetu wana mchezo wao: jina la bwana harusi linafichwa ndani ya maua ya hina, halafu siku ya harusi bwana analitafuta mbele ya ndugu.

Nikaficha "Ravi" vizuri. Kavita akasinzia, mikono kainyoosha. Basi utundu ukanipanda! Chini ya kidole gumba, katikati ya majani, nikaandika "Saidi" kwa herufi ndogo ndogo. Saidi ni bodaboda aliyekuwa akimpeleka sokoni, tulizoea kumtania naye. Hakukuwa na kitu, wallahi!

Kesho yake mama yake akaushika ule mkono, meno yote nje. "Ona ilivyokolea! Kwetu hina ikikolea hivi, mama mkwe atakupenda wewe!"

Pale pale ningesema. Nikanyamaza. Nilitaka kuiona sura ya Ravi.

Siku ikafika. Ravi anatafuta, watu wanapiga makofi. Ghafla akaacha kucheka.

"Saidi ni nani?"

Mama mkwe akausoma mkono, akauachia ukaanguka. Kavita akanigeukia. "Shoga, waambie."

"Utani tu, mama! Mimi ndiye niliyeandika!"

"Utani?" Mama mkwe akanitazama juu mpaka chini. "Au unamfichia mwenzio?"

Na mimi mdomo wangu ulivyozoea kucheka, hata pale ulikuwa unachekacheka kwa woga. Nani angeniamini?

Ndoa haikuvunjika. Lakini hina iliyokolea haitoki leo wala kesho. Kavita alikwenda Dodoma kwa wakwe, akawa anampakulia mama mkwe chakula kwa mkono wenye jina la Saidi. Wiki mbili nzima! Simu yangu hapokei.

Mama yake napita dukani kwake kila siku. "Shikamoo mama." Anapima kitambaa. Marahaba yake sijaisikia mpaka leo.

Mchekeshaji mwenzangu, utani wako jichore mwenyewe. Mwenzio muache na mkono wake! Maana siku utakapolia kwamba unasema kweli, watu watasubiri ucheke.