Uzi Kiunoni mwa Shabani

"Mtaje huyo mwanamume!"

"Hakuna mwanamume, mama."

"Mtoto ana miaka mitatu, miguu kama vijiti vya mshikaki, unaniambia hakuna? Umembemenda mjukuu wangu! Mwanangu hajaoza kaburini, wewe umeshavua kanga."

"Shabani ana virusi, mama. Na mimi ninavyo. Kibaha wametupima wote wawili."

"Koma! Ugonjwa huo haujaingia nyumba hii."

Nilipokuwa mtoto, pale Kibuta, ugomvi huo ndio uliotuamsha asubuhi. Bibi mzaa baba aliamini kwamba mama mwenye mtoto mdogo akienda na mwanamume wa nje, mtoto hudumaa. Ndiko kubemenda. Siku hizi naelewa kwa nini aliishikilia imani hiyo kwa meno. Kubemenda kulikuwa kosa la mama. Virusi vingemnyooshea kidole baba, na baba alikuwa mwanawe wa pekee, tena marehemu.

Akamleta mganga kutoka Marui. Shabani akaogeshwa majani, akafungwa uzi mweusi kiunoni. Masharti yakatolewa: asile yai wala samaki, na dawa za hospitali zikome, maana dawa mbili hazikai tumbo moja.

"Dawa hii haitibu kingine ila kubemendwa," Bibi aliwaambia majirani. "Uzi ukibana, mtoto amenenepa. Na hapo wote tutajua huyu alifanya nini."

Nilikuwa darasa la nne, hesabu zilinishinda, lakini mtego ule niliuona. Shabani akikonda, atakufa. Akinenepa, mama ni malaya. Tukiwa kisimani nilimwuliza mama tutafanyaje.

"Atakula," alisema, akajitwisha ndoo.

Yai lilichemkia ndani ya birika la chai, Bibi asilione. Dagaa walisagwa pamoja na karanga, wakafichwa kwenye uji. Dawa Shabani alipewa asubuhi na jioni, Bibi akiwa kwenye mswala. Maganda ya yai niliyafukia mimi, katikati ya mihogo. Mara nyingi Shabani alitema, mdomo ulikuwa umejaa vidonda. Mama alimpangusa kidevu, akaanza upya. Nesi alikuwa amemwambia kuwa dawa bila chakula haimkuzi mtoto, na chakula bila dawa hakimkuzi.

Uzi ukabana. Kwanza uliacha alama, kisha ukaanza kuzama kwenye ngozi. Bibi akaita watu, akampandisha Shabani shati kama mtu anayenadi mbuzi.

"Mmeona? Haya, bado mnamwita mkwe wangu?"

Jirani mmoja akapiga kigelegele kwa ajili ya mtoto. Mwingine akamtemea mama mate miguuni.

Bibi akatufukuza, tukahamia Mlandizi, kwa ndugu zake mama. Nilisoma mpaka kidato cha pili, mama akaanza kuugua, na wa kumpikia Shabani nikawa mimi. Sasa anacheza mpira, bado mfupi kuliko wenzake, na ana mdomo mchafu uwanjani. Nikimkorogea uji humkumbuka Bibi, na sijui kama nimemsamehe. Sikuwahi kuona akimchukia Shabani. Alimwogesha yale majani kwa mikono yake mwenyewe, huku akilia. Alimpenda, na bado alikuwa radhi amnyime yai na dawa kuliko jina la mwanawe litiwe doa. Niliambiwa mengi ya kutisha utotoni, mizimu na wachawi, lakini hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Siku tuliyofukuzwa, Bibi alisimama mlangoni, tukimpita na mizigo kichwani.

"Uzi usiukate," alisema. "Ndio ushahidi wangu."

Mama akatua mzigo. Akachukua wembe, akaukata uzi taratibu, asiiguse ngozi. Kiuno cha Shabani kikabaki na mstari mwekundu. Akaushika mkono wa Bibi, akaufungua, akauweka uzi kiganjani.

"Chukua uzi wako, mama. Mjukuu wako ameshiba."