Sindano za Baba, Mkono wa Mama

Mama yangu, Miao Guizhen, ni mtu wa kukutia wazimu. Anauza chapati za unga wa choroko kwenye kona ya mtaa wetu hapa Tianjin, na huzigeuza kwa vidole, hata ukimnunulia upawa. Majira ya baridi yaliyopita nilimkuta kiganja cha kulia kimelala juu ya bamba la moto, yeye anasimulia harusi ya jirani. Harufu ya ngozi inayoungua niliisikia mimi. Yeye hakuhisi kitu.

"Twende kwa daktari wa mishipa ya fahamu," nikamwambia.

"Daktari ninaye nyumbani. Unataka kumvua baba yako nguo mbele za watu?"

Baba, Mzee Qu, ni mchoma sindano za tiba ya jadi ya Kichina tangu ujana wake, na ganzi ya mkono ule ameitibu kwa miaka mingi. Kila akichoma huuliza, "Imefika?" Anaulizia ile nguvu, ule uzito unaotambaa kutoka kwenye sindano. Mama hujibu, "Imefika." Baba anatabasamu, anakunywa chai yake, na mkono unaendelea kuungua. Mimi hapo damu hunichemka.

Kazi yangu hospitalini ni kupima jinsi damu inavyopanda na kushuka chini ya ngozi, kabla na baada ya sindano. Nikawaambia waje wapimwe. Mstari wa damu kwenye skrini ukicheza sindano ikiingia, sitataja tena daktari. Usipocheza, Mama anakwenda. Baba alikubali mbiombio. Alidhani mashine itamsifu.

Nikambandika Mama kipimo kila mkono. "Mama, usiongee. Ukiongea tu, damu inaruka."

"Kwani nimeongea?"

"Unaongea sasa hivi."

"Najibu! Binti gani huyu, anamfunga mama yake mdomo? Mzee Qu, unamsikia mwanao?"

"Nyamaza basi, Guizhen."

"Na wewe tena!"

Mstari wa mkono wa kushoto uliruka kwa kila neno. Wa kulia ulilala tu. Baba akachoma sindano mkono wa kulia, akaizungusha taratibu kwa ncha za vidole. Mstari haukujitingisha.

"Mashine mbovu hii," akasema.

Nikahamisha vipimo, cha kushoto kulia, cha kulia kushoto. Mama akalalamika kwamba gundi ya mkono wa kushoto inawasha. Kushoto kukaruka, kulia kukalala. Nilikuwa nimechoshwa nao wote wawili, natamani kwenda zangu.

Baba aliutazama ule mstari kwa muda. Kisha akamwambia Mama atazame dirishani na apumue vizuri. Akaichomoa sindano polepole, akaificha kiganjani, na vidole vyake vikabaki palepale juu ya ngozi vikijifanya vinazungusha.

"Imefika?"

"Imefika," Mama akasema. "Leo imefika vizuri kweli."

Nikashindwa kumtazama Baba.

"Tangu lini, Guizhen?" akauliza.

Mama akageuka, akauona mkono wake hauna sindano. "Ulikuwa unafurahi," akasema kwa hasira. "Sasa ulitaka nifanyeje?"

Baba akachukua glavu ya kulia ya Mama iliyokuwa mezani, akamvisha kidole kimoja kimoja, akimtazama usoni, na kila kidole akimwuliza kama anakihisi. Mama akatikisa kichwa mara tano.

"Lan," Baba akaniita, "yuko ghorofa gani huyo daktari wako?"