Mkalimani wa Kiwanda cha Magodoro

Meneja wa kiwanda cha magodoro alikuwa na kipaji adimu: aliweza kuongea nusu saa nzima asiseme kitu. Kiingereza chake kilijaa misemo, na kila msemo ulikuwa na pesa ndani yake. Pesa zilikuwa kila mahali, isipokuwa kwenye bahasha za mishahara.

Karani wake ndiye aliyesimama kando kila mkutano kuyageuza hayo Kiswahili. Siku ya kwanza alitafsiri neno kwa neno. "Tuweke pesa zetu pale ulipo mdomo wetu," akasema, na wafanyakazi wakacheka hadi wakashika mbavu. Meneja alinuna wiki nzima. Tangu hapo karani akajifunza kutia sukari. Meneja akisema tuwape washindani mbio za pesa zao, yeye husema, "Anawashukuru kwa bidii." Mwaka jana bwana mkubwa alitamka kwamba pesa za wajanja ziko kwenye mashine, yaani mwenye akili huwekeza huko. Karani akatafsiri, "Msiwe na wasiwasi." Dada yake, mshonaji wa makava ya magodoro humo kiwandani, alisikia hivyo akaikataa kazi aliyoitiwa kwa fundi nguo. Makofi yalipigwa, Meneja akavimba kichwa, na maisha yakaendelea vizuri kabisa.

Jumatatu hii Meneja alikuja na tai mpya. Akatangaza, meno yote nje, kwamba kampuni imechoka kutupa pesa nzuri nyuma ya pesa mbaya. Karani hakuhitaji kamusi. Asubuhi hiyo alikuwa amepiga chapa barua yenyewe: chumba cha ushonaji kinafungwa Ijumaa. Dada yake alikuwa mstari wa mbele, mkasi mapajani, viganja tayari kwa makofi.

Sukari ikamwishia.

"Anasema hamna faida tena," akasema. "Washonaji wote, mwisho Ijumaa. Mashine zinakuja."

Hakuna aliyepiga makofi. Meneja akageuka. "Umewaambia nini?"

"Ulichosema, bosi."

"Chote? Mbona kifupi hivyo?"

"Ndicho chote kilichokuwemo."

Meneja akarekebisha tai, akakumbuka ana simu ya kupiga ofisini. Dada mtu akasimama taratibu, mkasi mkononi, macho kwa karani.

"Mdogo wangu," akauliza, "na mwaka jana alisema nini?"