Kengele Isiyosubiri Mtu

Mhudumu wa shule yetu ya sekondari ya chini tulimwita Mzee Kengele. Asubuhi, kabla ya kugonga rimu ya lori iliyokuwa kengele yetu, alichungulia barabarani. Akituona tunakuja mbio, alijifanya anatafuta nyundo.

Enzi hizo tulibanana watatu dawati moja. Sasa familia zimehama, madarasa mengi yana kufuli, na kengele ni ya umeme, lidude lisilo na haya, linalia hata likizo.

"Pumzika, mzee," mwalimu mkuu alimwambia. "Wewe shika geti tu."

Apumzike nini? Jana, shule imefungwa, lile lidude likalia. Mzee akafungua geti, akachungulia barabara tupu.

"Kimbieni basi," akaita. "Nawasubiri."