Jiwe la Darajani

Naikumbuka vizuri Jumapili moja, mwanangu, nikiwa na umri kama wako, nimelala chali hapa Mlola nikisikiliza watu wakirudi kutoka kanisani. Mgongo ulikuwa umenishika, na huo ulikuwa mwezi wa pili nimelala. Ubishi wangu ndio ulioniponza. Tangu usichana nilishindana na wenzangu nani atapanda kilima na mzigo mkubwa zaidi wa majani ya ng'ombe, na hata nilipoolewa sikukubali kushindwa.

Hospitalini mama wa mazoezi ya viungo alinikagua, akasema hakuna kilichovunjika. Akaniagiza nitembee kila siku, kwanza hadi kwa jirani, kisha niongeze kidogo kidogo. Nikaitikia, nikarudi nikalala. Majirani walikuja kunipa pole, na sikufichi, pole zile nilizipenda.

Jumapili hiyo mama yangu akaja. Aliishi ng'ambo ya bonde, na magoti yake yalikuwa yamechoka. Aliingia akihema, akaketi kitandani kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mlima huu sitauweza tena, mwanangu. Kila Jumapili nikitoka kanisani nitateremka hadi darajani. Na wewe teremka. Pumzika hata mara kumi, lakini uje tuonane."

"Mgongo, mama."

"Njoo nao huo mgongo."

Jumapili iliyofuata nilisimama, maumivu yakanichoma, nikarudi kitandani. Nikasema wiki ijayo. Nikasema hivyo wiki nyingi. Masika hayajaisha, mama akafariki kwa kichomi.

Siku ya maziko nilitembea. Hakuna aliyenibeba. Nilipumzika mara nne tu, nikafika darajani, na jirani yake mama akanionyesha jiwe kando ya njia.

"Alikuwa anakaa hapa," akaniambia. "Kila Jumapili, mpaka ukungu unashuka."

Mara nne tu, mwanangu! Nililia pale mpaka waombolezaji wakanishika mkono.

Mgongo huu bado unaniuma, nitazikwa nao. Lakini kila asubuhi nateremka hadi kwenye jiwe lile na kurudi, na majani ya ng'ombe nayabeba kwa safari mbili ndogo. Wanaonicheka wanicheke.

Sasa mkeo ananiambia tangu upakie kabichi zile mgongo ukakushika, hujatoka ndani, siku ya nne leo. Nisikilize. Mzigo ugawanye. Ukiinua kitu, chuchumaa, kikumbatie kifuani. Miguu ikifa ganzi, wahi hospitali, usijifanye shujaa. Ila usilale ukisubiri maumivu yaishe ndipo uanze kuishi. Inuka, fika hadi mlangoni kwangu, kesho vuka shamba. Mgongo utakuuma, na utatembea hivyo hivyo.

Mungu akutie nguvu mgongoni, mwanangu. Akujalie watu wa kuwaendea, na akufikishe kwao wangali wanakungoja.