Siku Nilipoiamsha Susuni kwa Mbio Zangu

Aibu hii hata mama yangu mzazi sijamsimulia, ila leo acheni niseme yote.

Mimi ni mwalimu, mwenyeji wa Iringa. Nilikuwa nimepangiwa kazi Susuni, kijiji kisicholala kwa hofu ya wezi wa ng'ombe, nimenenepa kwa soda na maandazi, na shangazi yangu alikuwa ametoka kukatwa titi kwa saratani, kwa hiyo nilijaa hofu, nikaenda zahanati kumuuliza nesi nifanye nini. Akaniambia hakuna kinachozuia kabisa, lakini hatari inapungua ukipunguza uzito, ukiacha pombe, ukila mboga na ugali wa dona kuliko vya kukaanga, na ukifanya mazoezi. Na nikiona uvimbe au badiliko lolote nisisubiri. Kutembea jioni kungetosha (mwenyewe alisema), lakini niliona aibu wanafunzi wanione natembea bila safari, nikaamua kukimbia alfajiri.

Siku ya kwanza tu, kanga kiunoni kwa heshima, nikampita jirani yangu Mzee Chacha akitoka zizini. Akaniuliza kuna nini. Pumzi ya kujibu sina, kusimama sitaki, nikanyoosha mkono mbele, maana yangu naenda kule halafu narudi. Mzee akaelewa wezi wa ng'ombe wamepita kule, akapiga yowe.

Mimi nasikia kelele nyuma, nageuka naona watu wana mapanga na mishale, nikadhani hao ndio wezi, nikaongeza mbio (nguvu ilitoka wapi sijui), na wao kuona hivyo wakaamini nimewaona ng'ombe, wakaongeza pia, kila boma tunalopita watu wanazidi, mpaka kanga ikaninasa miguu nikaanguka kwenye mahindi ya mtu.

Mzee Chacha akaniinamia. "Mwalimu, ng'ombe wameelekea wapi?"

Nikamwamkia kwanza, nikiwa pale pale chini. Kisha nikasema, "Hakuna ng'ombe, mzee. Nakimbia kwa ajili ya matiti."

Kijiji kizima kikaniangalia kifua. Ikabidi nieleze yote, shangazi, nesi, maandazi, matope yamenijaa usoni, mpaka mzee akacheka akakaa chini, na wengine wote wakafuata.

Mama Robi, muuza ndizi wa karibu na shule, hakucheka. Wakati tunarudi alinivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini ana uvimbe kwenye titi tangu mavuno yaliyopita na hajamwambia hata mume wake. Nikaomba ruhusa kazini, nikampeleka hospitali. Wakampima, wakachukua kinyama kwenye uvimbe wakakichunguze, tukasubiri majibu wiki nzima kila mtu hana usingizi, na majibu yakasema si saratani. Tulilia wote wawili pale kwenye benchi, watu wakadhani tumefiwa.

Sasa jioni tunatembea pamoja, na wanawake wengine wameongezeka. Kukimbia alfajiri nimeapa sitarudia maisha yangu yote. Na mtu akiniuliza natembea kwa ajili ya nini, nasimama, namjibu kwa kirefu, na neno matiti nalitamka bila kushusha sauti.