Kikapu Nilichompelekea Meya

Binti yangu Mapendo hakuniita Marekani kutembea. Aliniita kuomba. Yeye na mumewe Bahati wanaishi Pennsylvania, katika mji mdogo wenye familia sita za Wakongo. Familia hizo zilikuwa zimepata duka la viatu lililofungwa zamani, zikataka kuligeuza nyumba ya sala. Mwenye duka alishakubali. Ilibaki ruhusa ya baraza la mji, ambalo lingepiga kura siku ya Alhamisi. "Papa," aliniambia kwenye simu, "kuja ukae na sisi hiyo wiki. Tunaogopa."

Nilimwelewa. Sisi hapa Albert Park, Durban, Afrika Kusini, kanisa letu limehama mara nne: darasa la shule, gereji, chumba juu ya saluni, na sasa ukumbi tunaoukodi Jumapili asubuhi, ambako wenye sherehe za mchana hutugongea mlango kabla ya baraka ya mwisho. Aliyeimba zaburi huku mwenye ukumbi akitikisa funguo anajua thamani ya mlango wake mwenyewe.

Jumatano jioni, Durban. Ndugu wa kanisa walipanda ngazi ghorofa nane hadi kwangu, maana lifti imekufa tangu Pasaka, wakaniwekea mikono na kuniombea. Nilifungasha Biblia, suti nyeusi, sweta mbili, na kikapu cha nyaya za simu zenye rangi, kilichofumwa na mama mmoja Mzulu anayeuza jirani na meza yangu ya ushonaji kule Greyville. Sikuwa nimeamua kitakuwa cha nani. Nilitaka tu kufika na kitu mkononi.

Alhamisi, wiki moja kabla ya kura, nilipanda ndege hadi Johannesburg, na kutoka hapo saa kumi na sita angani. Nilimshukuru Mungu kwa kila saa, ingawa magoti yangu yalichelewa kushukuru. Ijumaa asubuhi, kule Newark, askari wa uhamiaji aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamtajia mji. Akatikisa kichwa.

"Nimezaliwa jimbo la jirani, mzee, na sijawahi kuusikia."

"Binti yangu ameusikia," nikamjibu. Akacheka, akagonga muhuri.

Bahati alinipokea na koti kubwa kama godoro. Tulivuka mto mpana, kisha vilima vikaanza, na theluji ikakaa kandokando ya barabara. Baada ya saa mbili na nusu tuliteremka bondeni. "Tumefika, Papa," akasema. Niligeuka kuutafuta mji, nikaona tulikuwa tumeshafika mwisho wake.

Sitautaja jina, kwa kuwa sikuwaomba wenyewe ruhusa. Wao huuita "boro", yaani mji mdogo wenye mipaka na serikali yake. Uko kati ya milima miwili mirefu iliyonyooka kama kingo za mtaro, na kijito kinapita katikati. Kwa mguu unaumaliza kwa nusu saa, hata kwa mzee. Upande wa kusini kuna kilima cheusi cha mabaki ya makaa ya mawe, na miti myeupe imeota juu yake. Robot, yaani taa ya kuongoza magari, iko moja tu, na mara nyingi huwaka nyekundu bila gari hata moja kusimama. Watu ni kama elfu mbili. Nilihesabu kichwani: majengo yetu matano au sita ya Albert Park yangeujaza. Wakazi wa zamani ni wajukuu wa wachimba makaa waliotoka Poland, Ireland na Wales. Machimbo yalifungwa, vijana wakaondoka. Sasa wamekuja watu wa Jamhuri ya Dominika, na hawa Wakongo wetu, wanaopakia mizigo kwenye maghala makubwa kando ya barabara kuu.

Jumapili tulisali sebuleni kwa Bahati, watu thelathini na zaidi. Watoto walikaa kwenye ngazi. Mama mmoja alisikiliza mahubiri akiwa jikoni, ameegemea friji.

Jumatatu asubuhi, Mapendo na Bahati wakiwa kazini, nilifanya kosa ambalo ndilo sababu ya kuandika haya. Kwetu Uvira, Kongo, mgeni hamalizi wiki kabla hajajionyesha kwa chefu, yaani mkuu wa mtaa. Anasema jina lake na anakotoka, anatoa kitu kidogo, na tangu hapo mtaa unajua kwamba kuna mtu. Ndivyo nilivyolelewa. Nikavaa suti, nikachukua kikapu, nikaenda ofisi ya boro.

Nilitegemea walinzi. Nilimkuta mama mmoja peke yake, katibu, akipokea malipo ya maji, akijibu simu na kuandika kibali cha kufuga mbwa, yote kwa pamoja. Nilimwambia nimekuja kumsalimu meya. Akatazama saa ya ukutani. "Anarudisha basi. Keti."

Nilidhani ni basi la serikali lenye wageni wake. Kumbe meya ndiye dereva wa basi la shule, na umeya anaufanya akishawafikisha watoto. Aliingia amevaa kofia ya sufu. Nikasimama, nikasema maneno yote ya salamu kwa Kiingereza changu cha Durban, nikampa kikapu kwa mikono miwili. Akamtazama katibu. Kisha akakipokea, akasema ni kizuri sana, na nadhani alifanya hivyo ili asiniaibishe.

Jioni nilisimulia mezani nikiwa na furaha. Mapendo akaweka kijiko chini.

"Papa. Ulimupa nini?"

"Kikapu."

"Siku tatu mbele ya kura?"

Bahati akajishika kichwa. "Eish! Papa mkwe, hapa hiyo iko rushwa."

"Rushwa? Kikapu cha nyaya?"

"Hata kingekuwa cha nyasi!" Mapendo akasema. "Miaka miwili tunatafuta huu mlango, na wewe unaweza kuufunga hata haujafunguliwa."

Bahati alinieleza serikali ya boro akichora kwenye bahasha. Wajumbe wa baraza ni saba, wanachaguliwa na wananchi, na hukutana mara moja kwa mwezi. Meya anachaguliwa peke yake, anasimamia polisi, na hana kura, isipokuwa wajumbe wakigawanyika sawasawa. "Na mwezi huu mjumbe mmoja iko hospitali," akasema. "Wanabaki sita. Tunafikiri watatu wanatutaka, watatu hawatutaki. Sasa unaona ni nani angeamua?"

Niliona. Sikula tena. Siku tatu nilifunga, na sikumwomba Mungu ruhusa ya nyumba ile, ila kwamba ujinga wangu usihesabiwe kwa watoto.

Alhamisi, saa moja jioni. Baraza hukutana juu ya kituo cha zimamoto, kwenye viti vya kukunja. Sisi Wakongo tulijaza safu mbili. Walizungumza kwanza juu ya chumvi ya barabarani na bomba lililopasuka. Lilipofika ombi letu, meya alisimama na kikapu, akakiweka mezani mbele ya wote.

"Nilipewa hiki Jumatatu na mgeni," akasema. "Sidhani alikuwa na nia mbaya. Ila kura zikigawanyika usiku huu, mimi sitapiga yangu."

Mapendo aliinamisha uso. Nikainua mkono. Mwenyekiti akasema wanaozungumza ni wakazi tu, lakini katibu akamnong'oneza kwamba kanuni inamruhusu kunipa dakika tatu.

Nilisema: "Kosa ni langu, siyo lao. Wao walikuwa kazini. Kwetu mgeni husalimu mwenye mji. Niadhibuni mimi, nina tiketi ya kurudi."

Watu wachache walicheka. Mjumbe mmoja, mama mzee mwenye miwani, ambaye Bahati alikuwa amemhesabu upande wa wanaokataa, aliniuliza, "Na tukiwanyima ruhusa, utataka kikapu chako?"

"Hapana, mama. Nilikitoa kwa kuwa nimefika. Mkikataa, bado nitakuwa nimefika."

Alivua miwani, akaifuta. Kisha akasema tatizo lake yeye halikuwa kikapu wala sala. Lilikuwa magari: mtaa ule ni mwembamba, na hakuna mtu wa kanisa aliyewahi kumwambia watayaweka wapi. Akapendekeza kura ingoje mwezi mmoja, mjumbe wa saba awepo. Wote sita wakakubali. Kikapu nikarudishiwa, na katibu akaandika kwenye kumbukumbu kwamba kimerudishwa.

Ijumaa niliwakusanya ndugu sebuleni. Nikawaambia, "Nimewaharibia, lakini nimewapatia mwezi. Msiukae bure. Nendeni wawili wawili, mgonge kila mlango wa mtaa ule. Semeni majina yenu, waulizeni juu ya magari. Na msibebe kitu."

"Hata keki, Papa?" mama wa kwenye friji akauliza.

"Hasa keki."

Jumamosi niliondoka bila kujua mwisho wake. Kurudi ni kugumu zaidi ya kwenda, ukiwa umeacha kitu kimevunjika nyuma yako. Hapa Durban kanisa liliniuliza habari, nikawaambia ukweli wote. Tukaomba pamoja mwezi mzima.

Ijumaa moja, saa nane mchana, nikiwa napindisha suruali ya mteja, Mapendo alipiga simu. Walikuwa wamegonga milango yote, kwenye theluji. Mzee mmoja aliwafukuza, kisha akawaita warudi awaonyeshe uwanja mtupu nyuma ya stoo ya reli ambako magari yangetosha. Majirani watano walikuja kwenye baraza wakasema. Kura zikawa tano kwa mbili.

"Na yule mama wa miwani?"

"Aliinua mukono wa kwanza, Papa. Lakini amesema Jumapili atakuja kuhesabu magari."

Nililia juu ya suruali ya watu, nikamshukuru Mungu, na mteja akadhani nimefiwa.

Maisha yangu yote nimeamini kwamba shukrani haiwezi kuja mapema mno. Mji ule mdogo ulinifundisha kwamba mwenye kuamua lazima kwanza aachwe huru, na kwamba heshima ya kwanza kwa jirani ni kumwambia jina lako na kumuuliza anachokiogopa kwako. Niliwafundisha hayo wengine kabla sijayafanya mwenyewe. Nimeishi Albert Park miaka kumi na minane, na sikujua hata mikutano ya wadi yetu, yaani kata, hufanyika wapi. Nikamuuliza mlinzi wa jengo. Jumanne iliyofuata nilikwenda, nikaketi nyuma, na zamu yangu ilipofika nikasimama nikasema jina langu.

Mama mmoja wa Kizulu akageuka. "Baba, uko hapa tangu lini?"

Nikamwambia. Akavuta kiti chake pembeni ili nisogee mbele.